SAUMU NA MGONJWA WA KISUKARI: ELIMU KABLA YA MWEZI KUANDAMA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyetufaradhishia saumu na akaifanya dini kuwa nyepesi kwa waja wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, kila mwaka unapoingia mwezi wa Shaaban madrasa zetu husomesha nguzo za saumu, sunna zake na yenye kuibatilisha. Hayo ni ya lazima, na tunamshukuru Allah kwa kutujaalia kuyasoma. Lakini liko jambo moja ambalo katika majumba mengi halisemwi mpaka limekwisha kuleta madhara, nalo ni saumu ya mtu mwenye maradhi ya kisukari. Babu au bibi anaumwa, ana vidonge vyake au sindano zake, na Ramadhani inapofika anafunga kama kawaida. Daktari hajaambiwa, dozi haijabadilishwa, na watoto wa nyumbani hawajui dalili za hatari. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika somo hili tunataka kueleza kwa lugha nyepesi yale ambayo utafiti wa kitabibu umeyabainisha katika miaka ya karibuni, na namna yanavyokubaliana na hukumu za dini yetu.

KISUKARI NI MARADHI GANI?

Chakula tunachokula, hasa cha wanga kama wali, ugali, mihogo na mkate, hugeuzwa tumboni kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Ili itoke katika damu na kuingia katika viungo vifanye kazi, panahitajika kichocheo kiitwacho insulini, ambacho hutengenezwa na kongosho. Tunaweza kukifananisha na ufunguo wa mlango. Ufunguo usipokuwepo, au kitasa kikiwa kizito, sukari hubaki nje, yaani ndani ya damu, na viungo vikabaki na njaa.

Wanachuoni wa Kiislamu waliyajua maradhi haya tangu zamani, na Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ni miongoni mwa walioyaandikia. Lakini dawa ya insulini haikupatikana mpaka mwaka 1921, pale Frederick Banting na Charles Best walipofanya majaribio yao mjini Toronto, Kanada. Mwezi wa Januari 1922 kijana wa miaka 14 akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa sindano hiyo. Kabla ya hapo, mtoto aliyepata kisukari hakuwa na matumaini ya kuishi muda mrefu.

Kisukari kina aina mbili kubwa:

Aina ya kwanza: kongosho limeacha kabisa kutengeneza insulini. Huwapata zaidi watoto na vijana, na mgonjwa hawezi kuishi bila ya sindano.

Aina ya pili: insulini ipo, lakini mwili hauisikii vizuri au haitoshi. Hii ndiyo iliyoenea zaidi. Huwapata zaidi watu wazima, hasa wenye unene, wasioshughulisha mwili, au ambao maradhi haya yamo katika ukoo wao.

Kwa hesabu ya Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, mwaka 2024 watu wazima wapatao milioni 589 duniani walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa hawajijui. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka mingi huharibu mishipa: midogo ya macho, figo na miguu, na mikubwa ya moyo na ubongo. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari yuko karibu zaidi na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi kuliko asiyekuwa nacho. Kwa hiyo mtu asiyachukulie maradhi haya kuwa ni jambo la kuacha sukari ya chai tu.

MWILI WA MFUNGAJI HUFANYA NINI?

Allah ameuumba mwili wa binadamu kwa hekima kubwa. Mtu anapokula daku, sehemu ya sukari hutumika pale pale na sehemu huwekwa akiba katika ini. Saa zinapokwenda bila ya chakula, insulini hupungua yenyewe, ini likaanza kuitoa akiba yake kidogo kidogo ili ubongo usikose chakula. Akiba ya ini ikikaribia kwisha, mwili huanza kutumia mafuta. Ndiyo maana mtu mzima wa afya hufunga akaona njaa na kiu, lakini sukari yake haiporomoki.

Kwetu Afrika Mashariki, kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, saumu huchukua kiasi cha saa 13 hadi 14 kila mwaka. Mwili wa mtu mwenye afya unazimudu saa hizo.

Sasa mtazame mgonjwa wa kisukari. Ikiwa amejidunga insulini nyingi alfajiri, au amemeza vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, kama vile glibenklamaidi, insulini yake haipungui mchana kama ya mwenzake. Dawa inaendelea kuishusha sukari na chakula hakiingii. Hapo sukari huweza kushuka mpaka akaanza kutetemeka, kuchanganyikiwa na hata kuzirai.

Na kinyume chake pia kina hatari. Wako wagonjwa ambao kwa kuogopa sukari isishuke huacha dawa kabisa mwezi mzima, na usiku wakala vitu vitamu kwa wingi. Sukari hupanda, mgonjwa akakojoa mara kwa mara, maji ya mwili yakapungua na damu ikawa nzito. Mwenye aina ya kwanza akiacha insulini, mwili wake huyeyusha mafuta kwa wingi mpaka damu ikajaa asidi, na hiyo ni hali ya kukimbizwa hospitali mara moja.

UTAFITI UMEONYESHA NINI?

Tuanze na habari njema. Mwaka 2021 watafiti wa London walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya Waislamu waliofunga Ramadhani katika mji huo. Walipima shinikizo la damu la watu 85 kabla ya Ramadhani na baada yake. Kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka kwa wastani wa namba 7 na kidogo, na kipimo cha chini kwa namba 3 na kidogo. Walipokusanya pamoja na tafiti nyingine za nchi mbalimbali, zenye watu zaidi ya 3,000, waliona pia kuwa shinikizo hushuka, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Kabla ya hapo, mwaka 2004, madaktari wa Qatar walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za hospitali za miaka 10. Walitaka kujua kama Ramadhani huzidisha wagonjwa wanaolazwa kwa maradhi ya moyo. Hawakuona kuwa mwezi huo una wagonjwa wengi zaidi kuliko miezi mingine.

Kwa hiyo hatusemi kuwa saumu ni adui wa moyo au wa mwili. Tunachosema ni kwamba saumu pamoja na dawa za kisukari zisizopangwa ni jambo la hatari, na hili nalo limethibitishwa.

Mwaka 2001 ulifanywa uchunguzi mkubwa katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, zikiwemo Misri, Moroko, Saudi Arabia, Uturuki, Pakistan, Bangladesh, Indonesia na Malaysia. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2004, yalijulikana kwa jina la EPIDIAR. Wagonjwa 12,243 wa kisukari walihojiwa. Tazama waliyoyakuta:

1. Karibu wagonjwa 79 katika kila 100 wa aina ya pili, na karibu 43 katika kila 100 wa aina ya kwanza, walifunga si chini ya siku 15.

2. Kwa wenye aina ya kwanza, sukari kushuka vibaya kiasi cha kulazwa hospitali iliongezeka kutoka mara 3 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwezi katika miezi ya kawaida hadi mara 14 katika Ramadhani.

3. Kwa wenye aina ya pili, iliongezeka kutoka mara 4 kwa kila wagonjwa 1,000 kwa mwezi hadi mara 30. Idadi ni ndogo, lakini ongezeko lenyewe ni zaidi ya mara saba.

4. Waliobadilisha dozi zao kwa ajili ya Ramadhani walikuwa kiasi cha robo tu ya wanaotumia vidonge na theluthi moja ya wanaotumia insulini.

Ndugu msomaji, iunganishe namba ya nne na zile mbili zilizotangulia. Watu wengi walifunga kwa dozi zile zile za siku za kula mchana.

Je, elimu inaweza kuibadilisha hali hii? Jibu lilitoka London mwaka 2010. Huko wagonjwa 111 wa Kiislamu wenye kisukari cha aina ya pili waliangaliwa katika makundi mawili. Kundi moja lilihudhuria darasa la kufundishwa chakula, dawa, mazoezi na kupima sukari kabla ya Ramadhani. Kundi la pili halikuhudhuria. Katika kundi lililosomeshwa, matukio ya sukari kushuka yalipungua kutoka 9 hadi 5. Katika kundi ambalo halikusomeshwa, yaliongezeka kutoka 9 hadi 36. Tena wale waliosoma walipungua uzito kidogo, na wasiosoma wakanenepa kidogo ingawa walikuwa wamefunga.

Mwezi ulikuwa ule ule na saumu ile ile. Kilichowatenganisha ni darasa lililofanywa kabla.

DINI INASEMAJE?

Katika Suratul Baqara, aya ya 184 na ya 185, Allah (S.W.) amemruhusu mgonjwa na msafiri kula na kuzilipa siku hizo baadaye, akaweka fidia ya kumlisha masikini kwa asiyeweza, na akabainisha kuwa anatutakia wepesi wala hatutakii uzito. Ruhusa hii imeteremshwa pamoja na faradhi yenyewe, katika aya zile zile. Basi anayeitumia kwa haki hajaikimbia ibada.

Abu Daud amepokea kisa cha Sahaba aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hawamuoni na ruhusa maadamu maji anayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliwalaumu kwa ukali kuwa wamemuua, na akawafahamisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Kisa hiki tukitie akilini kila tunaposikia mtu akimwambia mgonjwa, "Funga tu, Mungu atakusaidia," hali yeye si tabibu wala si mwanachuoni.

Wanachuoni wa zama zetu wameliangalia suala hili pamoja na madaktari. Mwezi wa Aprili 2009 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Sharjah na kutoa azimio mahsusi juu ya kisukari na saumu ya Ramadhani. Wagonjwa waligawanywa katika makundi manne kwa kadiri ya hatari. Makundi mawili ya mwanzo, ambayo hatari yao ni kubwa kwa yakini au kwa dhana yenye nguvu, yanapaswa kula, na hayaruhusiwi kufunga. Makundi mawili ya mwisho, ambayo hatari yao ni ya wastani au ndogo, hayana ruhusa ya kuacha kufunga kwa sababu ya kisukari peke yake. Na anayetambua mgonjwa yumo katika kundi gani ni daktari wake.

Tunaona hapa uadilifu wa sheria: mgonjwa mmoja anakatazwa kufunga, na mwingine anakatazwa kula. Kwa hiyo si sawa kusema kila mwenye kisukari asifunge, wala si sawa kusema kila mmoja ajikaze.

Maswali matatu huulizwa sana:

Je, kupima sukari kwa kujidunga kidoleni kunabatilisha saumu? Hapana. Katika madhehebu ya Imam Shafi, kuumikwa hakubatilishi saumu, seuze tone moja la damu la kidole.

Je, sindano ya insulini inabatilisha? Baraza hilo hilo, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kuwa sindano za tiba zisizokuwa za kumlisha mgonjwa hazibatilishi saumu, ziwe za chini ya ngozi, za msuli au za mshipa.

Na kidonge cha kuweka chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua? Kikao hicho kilisema hakibatilishi, maadamu mgonjwa hamezi kile kinachoteremka kooni.

Ambaye maradhi yake hayatarajiwi kupona na hawezi kufunga, juu yake ni fidia ya kibaba kimoja cha chakula cha watu wa mji kwa kila siku, apewe masikini. Ambaye udhuru wake ni wa muda atalipa siku zake baadaye. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake.

NANI YUMO KATIKA HATARI KUBWA?

Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, uliotolewa mwaka 2016 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2021, unawahesabu hawa kuwa karibu zaidi na hatari:

- Ambaye sukari yake imeshuka vibaya katika miezi mitatu iliyotangulia Ramadhani, au ambaye sukari hushuka bila ya yeye kuhisi dalili.
- Mwenye kisukari cha aina ya kwanza, hasa asiyeweza kupima mara kwa mara.
- Ambaye sukari yake iko juu siku zote na haijatulia.
- Mwenye maradhi makubwa ya figo.
- Mwenye maradhi ya moyo au kiharusi yasiyotulia.
- Mjamzito mwenye kisukari anayetumia insulini.
- Mzee dhaifu mwenye maradhi mengine pamoja na kisukari.

Ama mwenye aina ya pili ambaye sukari yake imetulia kwa chakula na mazoezi, au kwa dawa kama metfomini isiyoshusha sukari ghafla, huyo mara nyingi huweza kufunga kwa salama, baada ya kumuona daktari.

MATAYARISHO YAANZE LINI?

Mwongozo huo unashauri mgonjwa amuone daktari wiki sita hadi nane kabla ya Ramadhani. Kwa hesabu yetu, ni kuanzia mwezi wa Rajab. Akifika kliniki aseme waziwazi, "Nataka kufunga," na aulize mambo haya: Je, niko katika kundi gani la hatari? Dawa gani nitumie wakati wa futari na gani wakati wa daku? Dozi ipunguzwe au ibaki? Nipime mara ngapi kwa siku?

Mgonjwa asijipangie dozi mwenyewe, wala asifuate dozi ya jirani. Vidonge vya watu wawili huweza kuwa na rangi moja na kazi tofauti. Na mwenye presha asiache vidonge vyake kwa sababu ameambiwa kuwa saumu hushusha shinikizo. Waliopimwa London shinikizo lilishuka kwa kiasi, lakini hilo halikukusudiwa kuchukua nafasi ya dawa.

Tena liko zoezi zuri katika sunna. Mtume (S.A.W.) alikuwa akifunga sana katika Shaaban. Mgonjwa aliyeruhusiwa na daktari wake anaweza kufunga siku mbili tatu za Shaaban akipima sukari, aone mwili wake unakwendaje kabla faradhi haijaingia.

MCHANA WA SAUMU

Nyakati zinazopendekezwa kupima ni kabla ya daku, asubuhi, adhuhuri, alasiri, kabla ya kufuturu, na saa mbili baada ya futari. Si kila mgonjwa anahitaji nyakati zote hizo, na tunajua kuwa vijiti vya kupimia vina gharama. Lakini anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari asiikose ya alasiri, kwa kuwa saa za mwisho kabla ya magharibi ndizo akiba ya mwili inapokuwa ndogo. Na kila anayehisi dalili apime papo hapo.

Saumu ivunjwe mara moja, bila ya kungoja adhana, ikiwa:

1. Sukari imeshuka chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine zinazosoma kwa mamia).
2. Sukari imepanda juu ya 16.6 (au 300).
3. Mgonjwa ana dalili za sukari kushuka, hata kama mashine haipo.
4. Ana dalili za kupungukiwa maji, au amepatwa na maradhi mengine kama homa, kutapika au kuharisha.

Dalili za sukari kushuka ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, macho kuona kiza, ukali usio wa kawaida, maneno kuchanganyika, na mwisho kuzirai. Dalili za kupanda ni kiu kali, mkojo mwingi, uchovu, maumivu ya tumbo na kutapika.

Mwenye sukari iliyoshuka apewe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari iliyokorogwa katika maji. Apimwe tena baada ya dakika 15, na akiwa bado yuko chini arudiwe kupewa. Akishapata nafuu ale chakula. Aliyezirai asinyweshwe kitu chochote, maana kitampalia. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali.

FUTARI NA DAKU

Sunna ni kuharakisha kufuturu na kuchelewesha daku. Mwenye kuzifuata sunna hizi mbili hupunguza saa za tumbo tupu, na kwa mgonjwa wa kisukari huo ni msaada mkubwa. Anayelala bila ya daku anazirefusha saa zake kwa mkono wake.

Afungue kwa tende moja au tatu na maji, aswali Magharibi, kisha ale. Hapa kina mama tunawaomba watusaidie. Meza zetu za futari zina kaimati, vitumbua, visheti, uji wa sukari, ndizi mbivu za nazi, mihogo ya nazi, viazi vitamu na juisi, vyote kwa usiku mmoja. Karibu vyote hivyo ni wanga, sukari na mafuta. Mgonjwa achague kimoja cha wanga, si vinne. Sahani yake nusu iwe mboga za majani na saladi, robo iwe samaki, kuku, kunde au maharage, na robo ndiyo iwe wanga. Juisi aiache, anywe maji kidogo kidogo tangu futari mpaka daku. Kwenye daku achague chakula kinachokaa tumboni kama kunde, maharage au mkate wa ngano isiyokobolewa, kuliko chai tamu na andazi.

Allah ametuamrisha katika Suratul Aaraf, aya ya 31, tule na tunywe bila ya kupita kiasi. Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha, kama alivyopokea Tirmidhi, kuligawa tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Ushauri huu unawafaa wenye kisukari na wasiokuwa nacho. Swala ya Tarawehe nayo ni harakati nzuri kwa mwili. Mgonjwa anayehesabu mazoezi yake na aihesabu.

KAZI YENU WANAFUNZI

Enyi wanafunzi, nyinyi ndio mnaokuwa nyumbani na babu na bibi wakati wakubwa wako kazini. Basi jifunzeni haya: ijueni mahali inapokaa mashine ya kupimia sukari na namna ya kuitumia, zijueni dalili tulizozitaja, sukari iwe karibu hata mchana wa Ramadhani, na mjue nani wa kupigiwa simu.

Mkimuona bibi yenu anatetemeka na kutokwa jasho saa kumi na moja jioni, msimwambie, "Bibi, imebaki saa moja tu, subiri." Mpeni maji ya sukari. Mwambieni kwa adabu, "Bibi, shikamoo, Allah amekupa ruhusa, tafadhali kunywa." Mzee mwingi huona haya kula mbele ya wajukuu waliofunga. Haya hiyo tuiondoe sisi kwa maneno mazuri, na kwa kumtengea chakula chake bila ya kumuuliza maswali mbele za watu.

Kadhalika wazazi wasimfiche mtoto wao mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Walimu wa madrasa waambiwe, ili asije akajilazimisha kufunga kwa kuwaonea haya wenzake.

HITIMISHO

Tumeona kuwa saumu kwa mwili wa afya ina kheri. Tumeona pia kuwa mgonjwa wa kisukari huingia hatarini anapofunga bila ya mpango, na kuwa darasa lililofanywa kabla ya mwezi liliyapunguza madhara hayo. Mwili ni amana. Aliyeruhusiwa na daktari wake na afunge kwa mpango na furaha, na aliyekatazwa atoe fidia yake, ashike Qur'ani yake na dhikri zake. Mlango wa kheri wa Ramadhani haujafungwa kwake.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Insulini hutengenezwa na kiungo gani, na kazi yake ni nini?
2. Kwa nini sukari ya mtu mwenye afya haiporomoki anapofunga?
3. Uchunguzi wa nchi 13 ulionyesha nini juu ya kubadilisha dozi?
4. Taja hali nne zinazomlazimu mgonjwa kuvunja saumu mara moja.
5. Je, kupima sukari kidoleni kunabatilisha saumu? Eleza.
6. Aliyezirai kwa sukari kushuka afanyiwe nini, na asifanyiwe nini?

Majibu yasomwe nyumbani pamoja na wazazi, kabla ya Rajab kwisha inshaallah.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, atufikishe Ramadhani tukiwa na afya na imani, na azikubali saumu za wanaofunga na nia za wenye udhuru. Amin.

Wabillahi tawfiq.